Makofi ya Sekunda

Jamani, makofi ya leo asubuhi bado nayasikia masikioni.

Shuleni kwetu tunafanya utafiti wetu wenyewe. Mwalimu mkuu alisema tuache kuwachapa wanaochelewa, tuwaulize sababu, halafu tuone kama watabadilika.

Sekunda wa darasa langu la nne alikuwa anachelewa kila siku. Nilipomuuliza, akasema anampikia kwanza uji mama yake mgonjwa. Basi nikamwacha.

Leo nimemkuta amefika kabla ya wenzake wote, hata mimi! Nikafurahi, nikajua utafiti umefanya kazi.

"Mpigieni Sekunda makofi ya kilo!"

Wakapiga kweli. Yeye kainamisha kichwa tu.

"Haya mwanangu, tuambie, leo umewezaje?"

"Mama tulimzika Jumamosi kule Mpitimbi, Mwalimu. Sina wa kumpikia."

Nikamkumbatia. Tukasali Salamu Maria, sauti ikanikatikia katikati, watoto wakamalizia.

Saa nne mwalimu mkuu akaniuliza, "Vipi mama, yule wako wa kuchelewa amebadilika?"

Amebadilika, ndiyo.

Mwombeeni marehemu, ndugu zangu. Na mlio walimu nisaidieni, maana kesho atakuwa tena wa kwanza mlangoni. Nimwambie nini?