Baba Alipopima Kiazi cha Wakwe kwa Mizani

Habari zenu wakuu wa ubao huu wa bweni.

Mimi ni yule wa dawati la nyuma, mwalimu akiniuliza kitu naangalia viatu. Kuongea siwezi, kuandika naweza. Haya yalitokea likizo iliyopita na sijatia chumvi.

Baba ana ugonjwa wa sukari. Daktari wake hapo Thika alisema adungwe sindano kila asubuhi, na vyakula vya wanga vipimwe. Si kuacha, kupima.

Basi Mama akanunua mizani ndogo. Kila siku kiazi cha Baba kinapanda pale kama kifurushi cha posta. Sisi tumezoea. Hata paka amezoea.

Sasa kaka yangu Njoroge akapata mchumba Ruiru, tukaenda ruracio, yaani kuzungumza mahari. Njoroge alinyoa mpaka akang'aa, lakini alikuwa na hofu. Wajomba wa huyo msichana walishafukuza mchumba mwingine, eti wazee wake walidharau uji.

Chakula kikaletwa. Viazi vitamu, ndizi, njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe. Mlima!

Baba akashukuru vizuri sana. Halafu akatoa mizani kwa koti.

Wakuu! Njoroge akafumba macho.

"Hiyo ni nini?" akauliza mjomba mkubwa.

"Napima kiazi tu, mkwe wangu."

"Kiazi chetu? Kwani tumekupunja?" Mjomba akasimama. "Haiya! Mbuzi hata mmoja hajatajwa, na mmekuja na mizani! Kesho mtampima msichana! Wanawake, ondoeni chakula!"

Chakula kikiondolewa, hakuna harusi. Na Baba anaona aibu kutaja ugonjwa wake mbele ya watu. Akabaki na kiazi mkononi.

Nikasikia mtu anapiga kelele. Kumbe ni mimi.

"Ni sukari! Akila vingi, mkojo wake tukiuchemsha na dawa ya bluu unageuka rangi ya matofali!"

Ai, ningemezwa na ardhi.

Mjomba akaketi polepole. "Mnachemsha mkojo?"

"Ndiyo."

"Kwa sufuria gani?"

"Ni kichupa chake, si sufuria."

Mke wake akaanza kucheka. "Baba Wanjiru, na mkojo wako je? Si kila ukikojoa sisimizi wanakuja kufanya baraza?"

"Nyamaza, mama Wanjiru!"

Lakini hakukana. Akakohoa, akamsogezea Baba sahani yake. "Hebu pima na changu."

Baba akamwambia aanze kwa daktari. Mjomba akaenda baadaye, ikawa ni sukari kweli. Njoroge naye alikubaliwa siku ile ile ya ruracio, wazee wakibishana nani amepewa kipande kikubwa.

Nilichojifunza: ukienda ugenini na mgonjwa wa sukari, tuma habari mapema. Kiazi kidogo na mboga tele si matusi kwa mwenyeji.

Harusi ni Desemba, na wazee wote wawili wameapa hawatakosa keki. Mwenye kujua keki ya harusi inapimwaje bila bibi harusi kulia, aandike hapa chini kwa penseli.