Kofia ya Bwana Harusi

Kwetu Bongwe nilikuwa nikimshonea mchumba wangu kofia ya vito, ile yenye nakshi ya vitundu vidogo vidogo. Kofia hiyo hula miezi, maana kila kitundu huzungushiwa uzi kwa mkono. Ilikuwa imebaki sehemu ya juu tu mamake alipokuja. Nilimwamkia, akaketi, akaniambia bila kusita kwamba mwanawe amepata mke Ukunda.

“Ila kofia usiiache, mwanangu,” akasema. “Umeshafika mbali. Imalize, aivae siku ya nikahi.”

Mama yangu alitaka kumfukuza. Mimi nikasema nitaimaliza, kwa kuwa niliionea uchungu kazi ya mikono yangu. Nikaendelea kushona huku nalia, mpaka jirani mmoja akanisifu mbele ya watu kwa subira yangu. Sifa ile ndiyo iliyonichoma. Nikatwaa wembe, nikaikata kofia vipande vipande, nikampelekea yule mama kwenye sahani iliyofunikwa kawa. Alifunua akitabasamu, kisha uso ukamshuka.

“Nimeishia hapo,” nikamwambia.

Mwanawe alioa na kofia ya dukani. Nami nilikwenda harusini, nikala pilau lao nikashiba.