Mkono wa Kushoto wa Mbok Sarinten

Mama mkwe wangu, Mbok Sarinten, hana ugomvi na mtu, na hilo ndilo nusura limponze. Tangu usichana wake anauza jamu, dawa za mitishamba za kunywa, mitaani hapa Solo, chupa kwenye kapu, kapu mgongoni, na dawa zote amezikamua kwa mkono wake mwenyewe. Manjano yaliyotwangwa anayafunga kwenye kitambaa, anaminya mpaka yatoe tone la mwisho. Mashine hataki hata kuisikia. Jamu ya mashine, anasema, ni maji yenye rangi.

Basi akateleza kwenye ngazi za soko, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga, vidole vikagoma. Ikawa kila wiki tuko hospitalini kwa Novly, kijana wa Manado anayezoeza mikono kufanya kazi upya. Ana kipimo cha chuma: unaminya mpini, mshale unapanda. Kipo na kingine kidogo, cha kubana kwa kidole gumba na cha shahada. Mkono usioumia, wake wa kushoto, ndio unaowekwa kigezo. Mbovu ukiufikia, umepona.

Siku moja Mama akatoka anatabasamu. "Nimefuzu! Mikono imelingana. Nisirudi tena, nafasi yangu anapewa mwingine."

Kufika nyumbani, akafunga manjano yake, akaminya. Kikatoka kijitone. Akaminya tena, mishipa ya shingo imemtoka, na kitambaa bado kimejaa maji tele. Akakaa chini akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mumewe.

"Si ulisema mikono imelingana?"

"Ndivyo kipimo kilivyosema."

"Hebu nionyeshe, Mama, huo wa kushoto uliuminya vipi?"

Akashika hewa kwa ncha za vidole, kichwa kainamisha, kama bibi harusi anayepokea chai ukweni.

Mimi mtu wa Surabaya, mdomo wangu hauna breki. "Loo! Ndiyo kuminya huko?"

"Ulitaka nimtunishie mtoto wa watu mkono wa kushoto, mbele ya uso wake? Kwetu hayo ni matusi. Mimi nimelelewa."

"Basi malezi hayo yamekula mkono wako!"

Akainuka, akaanika kitambaa chake, akaenda kulala. Asubuhi namkuta mlangoni, kebaya, blauzi yake ya heshima, imenyooshwa, nywele kazibana.

"Twende," akasema.

Novly alishangaa. "Mama, si tuliagana?"

"Nipime tena wa kushoto, mwanangu. Na unisamehe kwa nitakachofanya."

"Kwani utanipiga?" akacheka.

Hakucheka naye. Akaupokea mpini kwa mkono wa kushoto, akamkazia macho, akaminya huku akiguna. Mshale ukapanda, ukaipita alama ya zamani, ukazidi kwenda. Novly akaguna naye.

"Mama! Nguvu zote hizi ulizificha wapi?"

Akampa kipimo mkono wa kulia. Mshale haukufika hata nusu ya hapo. Kile kidogo cha kubana, vilevile. Nikamwona kijana wa watu anapauka.

"Nilikosea kukuruhusu," akasema. "Bado tuko mbali sana, Mama. Pole."

"Pole ya nini?" Jasho linamtiririka, na sauti yake ya sokoni imerudi. "Andika hiyo. Halafu nirudishie nafasi yangu."