Matairi ya Kumpeleka Baba kwa Kanga

Baba yangu hakuwahi kuniomba kitu tangu nianze kujitegemea, mpaka macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Muuguzi mmoja wa Fizi alimwambia ukungu huo utazidi tu, kwa hiyo kama ana kitu anachotaka kukitazama, asingoje. Mzee mwingine angetaka kutazama wajukuu. Wangu alitaka kutazama kanga.

Ujanani alikuwa mwindaji wa wavu, na kanga wake walikaa kwenye uwanda wa miiba ng'ambo ya Lubondja, mahali ambapo, kwa maelezo yake, hata mbuzi huingia akisali.

"Siendi kuua," aliniambia. "Naenda kuona tu, mama. Mara moja tu."

Mimi nina hasira za karibu, soko zima la Baraka linajua, lakini baba akiniita mama huwa sina ujanja. Nikaahidi.

Chombo nilikuwa nacho: pikipiki ya magurudumu matatu yenye sanduku la mizigo nyuma, ninayopandishia ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, kutoka Baraka hadi Fizi siku za soko. Mlimani inapanda ikilalamika, lakini inapanda. Miiba ndiyo isiyoiweza. Safari ya kwanza tairi lilitoboka kabla hatujaona hata unyoya. Tulirudi tukiisukuma, baba ameketi ndani ya sanduku na wavu wake magotini, akiwapungia watu wa Lubondja mkono kana kwamba ameshinda uchaguzi. Safari ya pili mdogo wangu, ambaye ni katekista na kwa hiyo anajua kila kitu, alinishauri nitie uji wa muhogo ndani ya mipira, eti ukiganda utaziba matundu wenyewe. Uji haukuziba chochote. Ulichacha. Gurudumu la nyuma lilipotoboka lilitoa sauti ambayo siwezi kuiandika hapa, pamoja na harufu ya pombe, na mbwa wa kijiji kizima wakatusindikiza mpaka barabara kuu.

Basi tukaamua kununua matairi mapya. Nasema tukaamua, lakini baba ndiye aliyeamua, tena kwamba atachagua mwenyewe. Akateremka Baraka amevaa koti lake la kanisani. Mfukoni alikuwa na kijiti cha uwandani alichokifunga kwenye jani la mgomba, chenye mwiba mrefu kuliko kidole changu.

Watu wengine wakienda kununua tairi huligonga kwa kiganja, huuliza bei, huondoka wakiguna. Kwa muuzaji wa kwanza baba alichuchumaa, akafungua jani taratibu kama anafungua chikwange, ule mkate wa muhogo, kisha akaukandamiza mwiba kwenye tairi la mwenyewe. Muuzaji alidhani ni mchezo. Mwiba ulipozama akaacha kudhani.

"Muzee, we uko natoboa pine yangu?"

"Si mi," baba akasema. "Ni muiba. Mi namushika tu."

"Hii ni pine mupya, papa. Batu banachaguaka kwa macho."

"Yangu iko naisha. Ndiyo maana nimekuya na muiba."

Mimi nilikuwa pembeni nikijifanya simjui. Haikusaidia, maana tuna pua moja. Ilinipasa kuomba radhi, lakini yule muuzaji alikuwa ameanza kupaza sauti, nami nikapaza zaidi yake, nikamuuliza ni tairi gani hilo linaloogopa mzee na kijiti. Baada ya hapo habari zetu zilitutangulia. Kila tulipofika wauzaji walisimama mbele ya mali yao wamepanua mikono kama makipa.

Nilikuwa nimeyapenda yale matairi yenye meno makubwa, maana yanapendeza na yanatisha. Baba aliyakataa yote. Alinishika kidole akakipitisha katikati ya meno, pale mpira ulipokuwa mwembamba, akaniambia mwiba hautapiga kwenye jino, utapiga hapo. Tukachukua yenye meno mafupi yaliyosongamana, ambayo mwiba uliyaingia nusu tu. Nusu hiyo ilimkosesha raha. Ikabidi twende kwa kwado, ndivyo tunavyomwita fundi wa kuziba matairi, ambaye alikuwa ameketi juu ya matairi mawili makuukuu ya gari aina ya jipu. Baba alimwomba asimame kidogo, akakandamiza mwiba kwenye kile kiti chake. Mwiba ukavunjika.

Baba akacheka mpaka akashika ubavu. Tangu mama afariki sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, na nikajua siku hiyo nitanunua chochote, hata kiti cha mtu.

Nilimweleza kuwa matairi ya jipu hayawezi kuingia kwenye magurudumu yangu. Akasema, basi yakatwe. Kwado akayakata kanda ndefu, akazilaza ndani ya matairi yangu mapya, kati ya tairi na mpira wa upepo, kama mtoto anavyovalishwa shimizi chini ya gauni. Tulimwachia debe la kukalia.

Magurudumu yakawa mazito ajabu. Kila mzunguko, pale ncha za ukanda zilipokutana, pikipiki iliruka: du, du, du, meno yetu yakigongana. Lubondja watu walitoka nje wakifikiri tunaleta mashine ya kusaga. Lakini tulipoingia uwandani miiba ilikwaruza, ikavunjika, na hakuna kilichopiga filimbi. Nilisimama mahali penye kivuli kidogo, nikashuka, nikapapasa gurudumu moja moja. Sioni haya kusema kwamba moja nililibusu.

Baba naye akashuka, na ndala zake miguuni. Hatua ya kwanza tu, mwiba ukapita kwenye ndala ukaingia kwenye unyayo.

Tulikuwa tumevalisha magurudumu matatu kwa uangalifu wote ule, na hakuna mtu, si mimi, si kwado, si katekista, aliyeitazama miguu ya mzee. Nikawaka. Niligombeza ndala, nikamgombeza baba, nikamgombeza na mdogo wangu aliyekuwa Fizi hata hasikii. Kusema kweli niliogopa. Kanga walikuwa mbele huko, kwa mwendo wa miguu, na baba hakuweza tena kutembea. Sikujua kama tukirudi siku nyingine yatakuwepo macho ya kurudi nayo. Nilimpandisha sandukuni, nikauweka mguu wake pajani pangu, nikauchomoa mwiba huku nikiendelea kutukana.

"Nyamaza, mama," akasema. "Kanga haipendaki matusi."

Nikameza tusi lililobaki. Tukakaa hivyo, mguu wake ukiwa pajani pangu.

Kuruka kote kule kulikuwa kumetikisa makombo ya ndagala yaliyojificha sandukuni tangu siku za soko. Yalipenya kwenye matundu ya chini, yakamwagika nyuma yetu njia nzima. Na juu ya njia hiyo wakaja kanga, wakidonoa, na madoadoa yao meupe, wametulia kama wazee wa kanisa wakikusanya sadaka. Mimi sikuwatazama sana. Nilimtazama baba. Uso wake ulikuwa umeelekea upande mwingine kidogo, macho hayatikisiki, nikadhani hawaoni. Nilianza kutafuta maneno ya kumweleza walivyo.

"Papa," nikanong'ona, "bako huku. Kushoto."

"Najua. Pembeni ya jicho niko naona." Hakugeuka. "Ule wa nyuma ya benzake anachechemea. Sawa vile mi."

Nikatazama. Nilikuwa sijamwona. Mwisho kabisa wa kundi, kanga mmoja alikuwa anachechemea.