Mabati ya Kipa wa Kwashemshi

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Handeni, Katibu wa ligi alinikabidhi daftari na kalamu mbili. "Sokoni tunakujua kwa ubishi," akasema. "Sasa kabishane na viongozi wa timu." Nilizihesabu kalamu mara mbili, zikawa mbili kweli. Kuzijaribu sikukumbuka, na moja haikuandika. Kasoro hiyo nilidumu nayo hadi nastaafu.

Ligi yetu ilikuwa ndogo, timu nane, ila wachezaji walilipwa posho. Mimi nilikuwa mkaguzi wa posho: namwita mchezaji mmoja mmoja, namuuliza alichopewa, nalinganisha na alichosaini.

Nilipohamishiwa ligi ya Korogwe nilimkuta Mwenyekiti wake, mwalimu mstaafu, anapigania ukomo wa posho, yaani kiwango cha juu ambacho timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote kwa msimu. "Mwenye hela akisajili kila mwenye mguu," alisema, "nani atalipa kiingilio kutazama mechi ambayo mshindi wake anajulikana tangu juzi?"

Kuandika kanuni nilipewa mimi. Mama Shemhilu, mkulima aliyekuwa meneja wa timu ya Kwashemshi, akashuka mlimani kuniona. Mimi Mzigua, yeye Msambaa, utani haukosi.

"Mtani, sisi hela hatuna. Vijana wetu tunawapa ndizi na maharage. Ukiyahesabu na hayo, umetumaliza."

Nikaandika kwamba ukomo unahusu fedha taslimu tu. Mwenyekiti aliisoma, akaniangalia juu ya miwani. "Una hakika na hiyo 'tu'?"

"Mwalimu, nani atanunua mchezaji kwa maharage?"

Kikao kizima kilicheka. Nami nilicheka, tena kuliko wote.

Misimu mitatu ya kwanza tulipata mabingwa watatu tofauti, Kwashemshi wakiwemo. Watu walijaa uwanjani. Kisha timu moja ya mjini ikapata mfadhili muuza vifaa vya ujenzi, na Athumani, kipa wa Kwashemshi, akahamia kwao. Nilimkagua: posho yake ilikuwa ndogo kuliko ya mshika kibendera. Nikashangaa, nikapanda hadi nyumbani kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeiona nyumba? Msimu huu mvua itanikuta nimelala."

Nyumba ya udongo, juu mabati mapya yanawaka. Niliyahesabu: thelathini na mbili. Nikarudia: thelathini na mbili. Yule mama alikuwa na furaha ya haki kabisa, na mwanawe sikumlaumu hata kidogo.

Mama Shemhilu alinisubiri njiani. "Umeona mwenyewe. Kaseme kikaoni kanuni irekebishwe, mabati yahesabiwe. Vijana wangu wengine watatu wameshaitwa huko mjini."

Nilimwahidi.

Kikaoni Mwenyekiti aliuliza, "Mkaguzi, una lolote?" Mfadhili alikuwa ameketi mbele yangu, lakini sikumwogopa yeye. Niliogopa kile kicheko changu. Kusema mabati kungekuwa kusema kanuni niliyoitetea kwa mbwembwe ina tundu la kupitisha lori.

"Hesabu ziko sawa, Mwalimu."

Na kwa daftari zilikuwa sawa, hilo ndilo linaloniuma. Wale watatu wakaondoka, kila mmoja na paa lake. Kwashemshi wakashika mkia, msimu uliofuata wakajitoa. Timu ya mjini ikachukua kombe mfululizo, hadi mechi ya kukabidhiwa ikawa na watazamaji wachache kuliko wachezaji wa akiba. Niliwahesabu mara mbili.

Vijana mnaponiuliza kwa nini ukomo haukutufaa, nawajibu kwamba ukomo ulifaa. Mkaguzi ndiye aliyenyamaza.

Baada ya kustaafu nilipanda tena Kwashemshi. Uwanja umelimwa, kati ya magoli mawili yamestawi maharage. Mama Shemhilu alikuwa anapalilia mahali pa duara la kati. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza, akaenda kunichotea maharage makavu kikapu kizima.

Nikaingiza mkono mfukoni.

"Acha, mtani," akasema. "Haya hayamo kwenye kanuni yako."