Sufuria Iliyozikwa Ijumaa

Kaluki wa Mbuvi hakuwa mtu wa kujisifu, lakini pia hakuwa mtu wa kukaa akingoja asifiwe. Ukimwuliza ni nani anayejua kupika muthokoi Kitengela nzima, alijibu bila kupepesa macho, "Ni mimi. Halafu kuna wengine." Watu walicheka, wakala, na wakishaonja waliacha kucheka.

Alifika Kitengela mwaka 1993 kutoka Makueni, akimfuata mumewe Mbuvi, mchonga mawe kwenye kwari. Alishuka kwenye lori na watoto wawili, Kiilu na mdogo wake, kuku watano na kinu cha mti mgumu alichopewa na mamake. Mwenye ploti alikitazama kile kinu akauliza kama ni lazima. Kaluki alimwambia kuku wanaweza kurudi, kinu hakirudi. Humo ndimo alimotwangia mahindi makavu mpaka yakavua maganda, tayari kuchemshwa na maharagwe, na huo ndio muthokoi wenyewe. Baada ya miaka mitatu alikuwa ndiye mkuu wa jiko la makambi.

Makambi ya Wasabato yalikuwa kila Agosti, shule zikifungwa. Kwa wiki nzima watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, wengine wakilala madarasani, wengine kwenye mahema. Katikati ya wiki walikuwa wachache, akina mama na watoto na wazee wasio na haraka. Lakini ikifika Ijumaa ya mwisho, uwanja ulifurika. Wafanyakazi wa viwanda vya Athi River walishuka na mabegi, mashemeji wakaja kutoka Machakos na Bungoma, na kwaya zikaja kutoka kila upande, hata Oltepesi na Bisil. Kuanzia hapo ilikuwa ni kuimba, kusalimiana, kulinganisha urefu wa watoto na kula. Kuna watu waliosema wanakuja kwa ajili ya mahubiri. Kaluki alizitazama sahani zao akawaongezea.

Sasa, shida ya jiko la Wasabato ni moja. Jua la Ijumaa likishazama, hakuna kuni inayosukumwa wala kiberiti kinachowashwa mpaka jua la Jumamosi nalo lizame. Chakula cha Sabato lazima kiwe kimeiva Ijumaa. Na muthokoi wa watu mia tatu hauivi kwa kubembelezwa. Sufuria kubwa zilikuwa mbili tu, na hazikuwa huru mpaka watu wamalize chakula cha mchana, saa nane. Mwaka 1997 Kaluki alijaribu kupika Alhamisi, maharagwe yakachacha, na Sabato ile watu walikula ndizi. Mwaka 1998 ndio ulioleta maneno.

Mwaka huo jua lilipozama muthokoi ulikuwa umebakisha kidogo tu. Kaluki akazitoa kuni zote, akatawanya makaa, akaenda kunawa mikono. Aliporudi alikuta gogo limerudishwa mekoni na moto unawaka vizuri kabisa. Mbele ya moto alikuwa ameketi Susu Zipporah, amenyoosha mikono yake yote miwili. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na huyu alikuwa nyanya wa kila mtu, mama mzazi wa Mzee Hiram aliyekuwa mkuu wa makambi. Alikuwa anaelekea miaka themanini. Masikio yalikuwa yameshaziba, na siku mara nyingine zilimchanganya. Upepo wa Agosti unaovuka nyanda za Athi hauna adabu kwa mifupa ya mzee.

"Kaa uote moto, mwanangu," Susu akamwambia.

Kaluki akaketi. Hakuwa ameketi hata dakika mbili Mzee Hiram alipotokea, saa ikiwa mkononi.

"Nani amerudisha gogo?"

Kaluki alimtazama yule bibi, ambaye hakuwa amesikia lolote na alikuwa akitabasamia miali. Mwana kumkemea mama yake mzazi mbele ya jiko zima ni jambo ambalo Kaluki hakutaka macho yake yalione.

"Ni mimi, mzee," akasema.

Alisimamishwa kuimba kwaya kwa miezi mitatu. Mtu mwingine angeshukuru kupumzika. Lakini Kaluki alikuwa na sauti ya pili ambayo mwalimu wa kwaya, Wanyama, alisema ikikosekana nyimbo zinayumba. Adhabu ile ilimuuma. Ilimuuma mpaka akawa anaimba akiosha vyombo, peke yake, sauti ya pili isiyo na ya kwanza. Jirani yake Selpha, mke wa Ochola, alimsikia kupitia ukuta wa mabati. Ni yeye tu aliyeambiwa ukweli.

"Mama Kiilu, si useme tu ni yule shosho?"

"Nikisema nitapona mimi. Na yeye?"

"Yeye hata hasikii, yawa!"

"Mwanawe anasikia."

Julai mwaka 1999 kamati ilikaa. Mzee Hiram, mwalimu mstaafu aliyeandika kila kitu kwenye daftari lake, alitangaza kwamba mwaka huo Sabato italiwa mkate na mayai ya kuchemsha, basi. Watu waliguna kama waliofiwa. Kaluki akasimama.

"Niko na neno moja, mzee. Nipatie mwaka huu. Jua likizama na kuna moshi hata kidogo kwa meko yangu, nitarudisha mwiko, na kwaya sitaimba tena. Na muthokoi utakuwa moto."

Selpha alimfinya mguu chini ya meza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mzee Hiram akaandika.

Kaluki hakuwa amebahatisha. Kule kwari, Mbuvi na wenzake hawakuwa na mpishi. Asubuhi walichemsha kidogo githeri yao ya mahindi na maharagwe, wakachimba shimo, wakaweka mawe yaliyopashwa moto, wakatumbukiza sufuria na kufunika kwa magunia na udongo. Kisha walienda kupiga mawe. Mchana walifukua, wakala. Miaka sita Mbuvi alikuwa akilisimulia jambo hilo kama la kawaida, na miaka sita Kaluki alikuwa akimwitikia "mm" bila kusikiliza. Safari hii alimkalisha chini akamwuliza yote tangu mwanzo.

Walijaribu nyuma ya ploti. Sufuria ndogo ya kwanza ilitoka ngumu ngumu. Ya pili, jiwe moja lililokuwa na unyevu lilipasuka motoni kwa kishindo, kuku wakatawanyika, na mwenye ploti akatoka na taulo kiunoni. "Jiwe bichi," Mbuvi akasema kwa utulivu. "Tutumie yale ya zamani ya meko. Hayo yameshazoea moto." Ya tatu waliizika jioni na kuifukua siku ya pili mchana. Kaluki alibonyeza punje moja kwa vidole ikapondeka. Kuanzia siku hiyo alitembea Kitengela kama mtu aliyeshaona matokeo ya mtihani.

Ijumaa ya makambi ilifika na mawingu mazito. Saa nane sufuria zilipopatikana, muthokoi uliwekwa jikoni, na pembeni moto mwingine ulikuwa ukipasha mawe. Kwaya ya Bisil ilifika saa kumi kwa lori la kubebea ng'ombe, lililooshwa lakini si sana. Kiongozi wao, Parmuat, aliruka chini na vibuyu viwili vya maziwa lala na kuja moja kwa moja kusalimia jikoni. Alimkuta Mbuvi amezama kiunoni ndani ya shimo.

"Sopa, mama!"

"Epa! Karibuni."

"Mnazika nani?"

"Chakula cha kesho."

Parmuat alichungulia shimo, akachungulia sufuria. "Imekufa ama iko hai?"

"Iko hai. Tunaizika ikipumua."

Wanakwaya wake walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakashika sepetu. Walisomba mawe ya moto kwa mabati, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakinguruma chini kwa chini kooni, na kazi ya saa nzima ikaisha kwa nusu saa. Sufuria ziliingia shimoni zikitokota. Zilifunikwa kwa nyasi kavu, magunia, bati na udongo juu yake.

Saa kumi na mbili Mzee Hiram alikuja na saa yake. Alizunguka meko yote. Yalikuwa yamezimwa kwa maji, baridi kabisa. Akasimama juu ya udongo.

"Mama Kiilu, moto uliozikwa si moto?"

"Mzee, huko chini hakuna moto. Kuna mawe."

"Lakini chakula kitaendelea kuiva Sabato."

"Kule Magadi maji yanachemka chini ya ardhi Sabato mpaka Sabato," Kaluki akasema. "Nani anachochea?"

Mzee aliandika jambo kwenye daftari lake. Kicheko kilimtekenya ndevu, lakini alikuwa mwalimu wa miaka thelathini na alijua kukizuia. "Kesho tutaona," akasema, akaenda zake. Jua likazama, na jikoni hakukuwa na moshi hata uzi.

Jumamosi asubuhi baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Kaluki alifanya jambo moja ambalo hakulieleza kwa mtu. Alimshika Susu Zipporah mkono, akamkalisha kwenye kigoda kando ya shimo na kumwekea miguu juu ya udongo. Bibi alitulia kidogo, akashangaa, akavua viatu.

Ibada ilikuwa ndefu. Kaluki aliketi mwisho, mahali alipoweza kuliona shimo. Hakuna mvuke uliotoka, wala harufu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini siku hiyo mshindo wenyewe ungeweza kuwa sufuria mbili za mahindi mabichi na watu mia tatu wenye njaa. Aliwaza kama Mbuvi alihesabu mawe vizuri. Aliwaza jinsi itakavyokuwa kusikiliza kwaya miaka yote iliyobaki akiwa kwenye viti vya nyuma. Kisha alimwona Susu akichezesha vidole vya miguu. Udongo ule ulikuwa na joto. Basi mawe yalikuwa kazini.

Saa saba kwaya ya Bisil ilifunga ibada, na watu wakaja kulizunguka shimo kama waliokuja kuona kisima kipya. Mbuvi akaondoa udongo, akainua bati, akatoa magunia na nyasi. Mzee Hiram alisimama mbele kabisa. Kaluki akafunua sufuria ya kwanza, mvuke ukampanda usoni, na harufu ikatembea mpaka getini. Akachota punje moja. Akaibonyeza.

Ilipondeka kama siagi.

Selpha alipiga kigelegele kilichoamsha mbwa wa mtaa wa pili. Halafu, kigelegele kilipokatika na watu wakavuta pumzi, Susu Zipporah alisema kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe, yaani kubwa.

"Mwaka huu umenifikiria, Mama Kiilu! Mwaka jana nilirudisha gogo na mikono yangu, baridi ilikuwa inaniua. Leo nimeota bila kusukuma kuni!"

Mzee Hiram alimgeukia mama yake polepole, akainama mpaka sikioni.

"Mama! Lile gogo lilikuwa lako?"

"Sasa lingekuwa la nani?" Susu akashangaa. "Kwani kuna mtu alililia?"

Mzee Hiram alivua kofia. Alipomtazama Kaluki, macho yake yalikuwa yamelowa, wala hakuyaficha.

"Miezi mitatu, Mama Kiilu," akasema. "Na hukusema kitu."

"Ilishaisha, mzee."

"Kwako. Kwangu inaanza leo." Akanyoosha mkono. "Lete huo upawa."

Kaluki alidhani hakusikia vizuri. Tangu makambi yaanze, mzee yule hakuwahi kuonekana ameshika upawa, na mkuu wa jikoni hakuwahi kula kabla ya watu wote kula. Lakini mkono ulibaki pale pale, akaukabidhi.

"Kaa chini."

Susu alisogea akampisha nusu ya kigoda. Mzee Hiram alichota muthokoi, akamwaga mwingine chini kwa sababu hakujua kipimo, akachota tena mpaka sahani ikafurika. Parmuat akaleta kibuyu na kumiminia maziwa juu yake. Watu mia tatu walisimama na sahani tupu wakimtazama mtu mmoja akila, na Kaluki, tuseme ukweli, alitia tonge kubwa.

"Mwalimu Wanyama!" Mzee Hiram akaita. "Kwaya ya Kitengela isimame hapa hapa. Tuimbe tukipakua."

Wanakwaya walijipanga upande wa pili wa shimo wakiacha nafasi moja katikati ya sauti ya pili. Wanyama akawapa noti, akainua mikono. Akaiona ile nafasi, akamgeukia Kaluki.

Kaluki, mdomo umejaa, aliinua kidole. Ngojeni.

Wakamngoja.