Masharti ya Moyo wa Mama

Mama alipovimba miguu mara ya pili, nilimtoa Kondoa nikamleta kwangu Chang'ombe. Daktari alisema moyo wake umechoka, hauna nguvu ya kusukuma damu, ndiyo maana maji yanabaki mwilini. Akatupa masharti: dawa asubuhi na jioni, maji kwa kipimo, chumvi kidogo sana. Mimi nikaiondoa chumvi yote jikoni.

Mama, ambaye kwa miaka alipika pilau za harusi za mtaa mzima, sasa alikaa mbele ya ugali na mlenda usio na ladha, akitafuna kama anayetumikia kifungo. Kikombe chake cha maji nilikichora alama. Kila asubuhi, kabla sijaenda ofisini, nilimpandisha kwenye mzani.

Siku moja nikikusanya nguo za kufua nilikuta fundo kwenye pindo la khanga yake. Ndani mlikuwa na chumvi. Jirani ndiye aliyempa.

"Mama, unataka kujiua?" nilimfokea. Mama yangu mzazi.

Alinitazama kwanza. "Nimekulea mpaka umekuwa mtu mzima," akasema. "Sijawahi kukupekua."

Nikaimwaga chumvi ile kwenye sinki, mbele yake. Tangu siku hiyo hakunisemesha. Nikimwamkia alijibu "marahaba", basi.

Kliniki, daktari alimbonyeza miguu akafurahi. "Uvimbe umepungua. Hongera dada, unamtunza vizuri." Nikavimba kichwa.

"Daktari," mama akasema, "mwambie anirudishe kwangu."

Daktari hakuona ubaya, mradi asiache dawa. Nikadakia, "Tutaona baada ya kliniki ijayo." Niliogopa wadogo zake wa Kondoa wangemdekeza kwa mapishi yao.

Kliniki hiyo hakuifikia. Asubuhi moja nilimkuta ameegemea mito, tasbihi imemdondoka, mwili umeshapoa.

Tulimpeleka Kondoa akiwa ndani ya sanda. Msibani mama zangu wadogo walinikumbatia. "Umemuuguza mpaka mwisho. Radhi zake unazo." Kila aliyesema hivyo nilimwitikia amina. Sikumwambia yeyote kwamba wiki zile za mwisho, mama alipoinuka kwenda msalani, nilikuwa namnyooshea mkono, naye anaupita, anashika ukuta.